Kima Aliyeacha Moyo Mtini: Hadithi na Vyombo Vyake katika Malezi ya Watoto wa Bagamoyo

Miongoni mwa hadithi zilizosimuliwa katika mwambao wa Afrika Mashariki, ni chache zilizosafiri mbali kuliko ile ya kima na papa. Kima anakaa juu ya mkuyu ulioinamia bahari. Papa huja chini yake kila siku, hutupiwa matunda, na urafiki unamea baina yao. Siku moja papa anamwalika mwenzake kwao, anampakia mgongoni, na wafikapo kwenye maji makuu anamfunulia siri: sultani wa papa ni mgonjwa, na dawa yake ni moyo wa kima. Kima anamjibu kwa utulivu kwamba jamaa zake hawatembei na mioyo. Mioyo huachwa nyumbani, mitini. Papa anarudi pwani kuufuata moyo huo, kima anarukia tawi, na usuhuba unakoma hapo.

Asili ya kisa hiki ni Bara Hindi, katika mkusanyo wa kale wa Panchatantra. Kikaingia Uajemi, na katika karne ya 8 Ibn al-Muqaffa akakitia katika Kiarabu ndani ya Kalila wa Dimna, ambamo rafiki wa kima ni kasa. Kilipofika Uswahilini, mnyama wa majini akawa papa, kwa kuwa papa ndiye watu wa pwani wamjuao na wamhofuye. Mwaka 1870 Askofu Edward Steere alikichapisha London katika kitabu chake Swahili Tales, kikiwa ndani ya Kisa cha Punda wa Dobi, kama alivyokipokea kwa wasimulizi wa Unguja. Hivyo hadithi moja imepanda vyombo vingi, na neno hili “chombo” lichukuliwe hapa kwa maana zake zote mbili: jahazi linalovuka bahari, na kile kinachobeba maneno kutoka kwa mtu hadi mtu.

Katika miaka ya karibuni wataalamu wa Magharibi wameipa jina jipya kazi ya kueneza hadithi moja katika vyombo mbalimbali. Henry Jenkins wa Marekani, katika kitabu chake Convergence Culture cha mwaka 2006, alieleza kwamba katika usimulizi wa namna hii kila chombo huongeza jambo ambalo chombo kingine hakina: sinema hufungua kisa, kitabu kikaeleza yaliyotangulia, mchezo ukampa mtoto nafasi ya kuingia mwenyewe ndani yake. Walimu wakaipokea fikra hiyo, wakaona kuwa mtoto anayekutana na somo lile lile katika wimbo, picha, mchezo na maandishi hulishika kwa urahisi zaidi. Jina ni jipya, lakini kazi yenyewe ina historia ndefu huko Mrima, na Bagamoyo, mji ulio yapata kilomita 70 kaskazini ya Dar es Salaam, unafaa kuwa kioo cha kuitazamia. Historia hiyo ina funzo kwa wanaotunga vipindi na vitabu vya watoto leo: hadithi ilimfunza mtoto pale ilipomwachia nafasi ya kujibu, na ilipomnyima nafasi hiyo, wingi wa vyombo haukufaa kitu.

Sauti, mkono na mwili

Mlango wa hadithi ya Kiswahili hufunguliwa na watu wawili. Msimulizi husema “Paukwa”, na wasikilizaji hujibu “Pakawa”. Bila jibu hilo hadithi haianzi. Bibi hunyamaza, hungoja, hurudia. Katikati ya ngano huja kiitikio kinachoimbwa na wote, na mara nyingi kiitikio hicho ndicho kilichobeba kiini cha kisa. Mtoto wa miaka minne asiyeweza kuusimulia mkasa mzima ameushika wimbo wake, na kesho yake atauimba akichota maji au akicheza uwanjani, na kwa wimbo huo kisa kitamrudia chote. Hapo hadithi imekwisha toka sikioni, imeingia kinywani, kisha ikashuka miguuni.

Vitendawili vilifanya kazi hiyo kwa njia nyingine. Anayetega husema “Kitendawili”, wenzake humwambia “Tega”, na wakishindwa kukitegua yeye hudai mji. Mmoja humpa Unguja, mwingine Kilwa, mwingine Mombasa, naye hutangaza jinsi alivyokwenda huko akapokewa kwa heshima, ndipo atoe jibu. Kwa mchezo huo mtoto wa Bagamoyo aliyekuwa hajawahi kuvuka Mto Ruvu aliyajua majina ya bandari zote za mwambao, na alijua pia kwamba asiyejibu hupoteza miji yake.

Bagamoyo haikuwa ya Waswahili wa mjini peke yao. Pembeni mwake waliishi Wakwere, Wazaramo, Wadoe na Wazigua, nao walikuwa na elimu yao iliyopita katika vyombo vingi kwa mpango ulio wazi zaidi. Miongoni mwa Wazaramo na Wakwere, msichana aliyevunja ungo aliwekwa ndani, na humo alikabidhiwa mwana hiti, kinyago kidogo cha mti chenye kiwiliwili kisicho na mikono na kichwa kilichochongwa mfano wa nywele zilizogawanywa pande mbili. Alikiogesha, alikipaka mafuta, alikitunza kama mtoto. Wakati huo huo aliimbiwa nyimbo zenye mafumbo, akaelezwa maana zake na somo wake, na siku ya kutoka alicheza ngoma mbele ya watu. Mtaalamu wa Kifini Marja-Liisa Swantz, aliyeishi na Wazaramo wa pwani katika miaka ya 1960 na kuandika juu ya ibada na alama zao, alionyesha jinsi mambo hayo yalivyoshikamana: wimbo ulieleza kinyago, kinyago kilieleza mwili, na ngoma ikathibitisha kwamba mwali amefahamu. Kilichomtoa ndani ni ushahidi wake mwenyewe kuwa amejifunza.

Chuo, maulidi na wino

Chuo cha Kurani kilikuja na chombo kingine, nacho ni maandishi. Mtoto alipelekwa kwa mwalimu akiwa mdogo, akapewa ubao, wino na kalamu ya mwanzi. Hata hapo maandishi hayakusimama peke yake. Herufi ziliimbwa kwa mahadhi, mwili uliyumba pamoja na sauti, na aliyekwisha kuifahamu sura aliwasomesha wadogo zake. Mtoto alipohitimu, nyumba yake na mtaa wake walishiriki katika furaha hiyo, kwa kuwa elimu ilihesabika kuwa imekamilika ilipoonekana hadharani.

Mfano ulio bora zaidi wa kisa kimoja kupita katika vyombo vingi ni kisa cha kuzaliwa kwa Mtume. Maulidi ya Barzanji, iliyotungwa Madina na Ja'far al-Barzanji katika karne ya 18, ilisomwa Uswahilini kwa nathari ya Kiarabu. Sayyid Mansab wa Lamu akaitia katika Kiswahili. Kasida zikaimbwa kati ya milango yake, dufu zikapigwa, ubani ukafukizwa, na wote wakasimama wakati wa kiyamu. Bagamoyo ilipata umaarufu mkubwa katika jambo hili kwa jitihada za Sheikh Yahya bin Abdallah, ajulikanaye kama Sheikh Ramiya. Yeye aliletwa pwani kutoka Kongo akiwa mtumwa mtoto, akasoma, akawa khalifa wa twarika ya Qadiriyya na mwalimu wa watu wengi hadi alipofariki mwaka 1931. Mtoto aliyehudhuria maulidi huenda hakukijua Kiarabu, lakini alijua wapi asimame, wapi aitikie, na kisa kinasema nini. Kila chombo kilimpa fungu lake.

Upande wa pili wa mji, mwaka 1868, mapadri wa Shirika la Roho Mtakatifu wakiongozwa na Padri Antoine Horner walianzisha misheni na kuwakusanya watoto waliokombolewa utumwani. Watoto hao walitoka bara, kila mmoja na lugha ya kwao na ngano za kwao. Darasani walipewa kitabu na katekisimu, kanisani kwaya, karakana ikawapa ufundi na shamba likawapa kazi ya jembe. Misheni ikawa pia mahali pa elimu kubwa ya lugha: Padri Charles Sacleux, aliyefanya kazi Bagamoyo kwa miaka mingi, alitunga kamusi ya Kiswahili na Kifaransa iliyochapishwa mwaka 1939, ambayo hadi leo ni hazina ya maneno ya mwambao. Ila jambo moja lilibadilika katika shule ya namna hii. Mwalimu alikuwa na maswali yake na majibu yake yameandikwa tayari, na kazi ya mtoto ilikuwa kuyarudia.

Mtu aliyeandika kwa utimilifu zaidi jinsi watoto wa Bagamoyo walivyolelewa alikuwa mwana wa hapo hapo. Mtoro bin Mwinyi Bakari, mwenyeji wa Dunda karibu na Bagamoyo, alisoma chuoni na kuinukia katika elimu ya dini, na mwaka 1900 alikwenda Berlin kufundisha Kiswahili. Desturi za Wasuaheli, kitabu kilichotolewa na Carl Velten mwaka 1903, kwa sehemu kubwa ni kazi ya kalamu yake. Humo kuzaliwa, malezi, chuo, jando, ngoma na ndoa vinaelezwa na mtu aliyevipitia, kwa Kiswahili cha Mrima kisichoomba radhi. Wakati huo watafiti wa Kizungu walizoea kuchukua ngano za wenyeji na kuweka majina yao juu ya jalada. Mtoro aliandika mwenyewe. Lakini hatima yake inaumiza. Alimwoa mwanamke wa Kijerumani mwaka 1904, na alipotaka kurudi naye nyumbani serikali ya kikoloni iliwakatalia kuishi nchini kama mume na mke. Akarejea Ujerumani, akafundisha Hamburg, akafa Berlin mwaka 1927. Kitabu chake kiliendelea kusomwa Ulaya, na J. W. T. Allen akakitafsiri kwa Kiingereza katika toleo la mwaka 1981. Watoto ambao malezi yao ndiyo yaliyoelezwa humo hawakukitumia darasani.

Hapo ndipo panapoonekana hasara ya kwanza ya chombo cha maandishi. Steere na Velten waliokoa ngano ambazo huenda zingepotea, na shukrani zao hazikatiki. Ila ngano iliyochapishwa ilipoteza “Pakawa”. Kiitikio kikawa mistari miwili katika ukurasa, sauti yake ikabaki kwa waliokijua. Kima na papa wakaendelea kuishi kitabuni, lakini anayesoma peke yake hapigi kelele papa anapogeuka kurudi pwani.

Ngonjera, redio na uwanja wa shule

Baada ya uhuru, Taifa jipya lilitaka kuwafunza watu wengi kwa muda mfupi, nalo likalazimika kukusanya vyombo vyote lililokuwa navyo. Katika ushairi, Mathias Mnyampala, kiongozi wa chama cha washairi cha UKUTA, aliukuza utanzu wa ngonjera, yaani mashairi ya kujibizana baina ya watu wawili au zaidi, mmoja akishikilia hoja na mwenzake akiipinga hadi wakubaliane. Mnyampala alifariki mwaka 1969, na Ngonjera za UKUTA zikachapishwa muda mfupi baadaye. Zilikuwa kitabuni, lakini hazikukusudiwa kubaki humo. Walimu waliwagawia wanafunzi nafasi, mmoja akawa mkulima, mwingine mvivu, mwingine mzee, wakazikariri na kuzighani mbele ya wazazi na viongozi siku za sherehe.

Wapo wahakiki waliozikosoa ngonjera kwa kuwa jibu lake lilijulikana kabla swali halijaulizwa: mpinzani hana budi kushindwa na Azimio la Arusha lazima liibuke na ushindi. Lawama hiyo ina haki yake. Hata hivyo ngonjera zilirudisha mambo mawili yaliyokuwa yamepungua darasani, yaani sauti mbili zinazokabiliana, na mwili wa mtoto uliosimama mbele ya watu. Ndiyo sababu watoto waliendelea kutungiana ngonjera zao juu ya usafi, mazingira na maradhi hata zile za siasa zilipokwisha nguvu.

Redio nayo ilipita katika njia hiyo. Mwaka 1973 ilifanyika kampeni ya Mtu ni Afya, iliyowafikia watu wazima wapatao milioni mbili. Watu walikusanyika katika vikundi, wakasikiliza kipindi, wakafungua kijitabu, wakajadiliana wakiongozwa na mshauri wa kikundi, kisha wakatoka kuchimba vyoo na kufyeka vichaka. Sauti, maandishi, mazungumzo na jembe viliungana katika somo moja. Ilikuwa kampeni ya watu wazima, lakini ilithibitisha kanuni ambayo bibi msimulizi aliijua: redio peke yake huarifu, na redio inayofuatwa na mazungumzo hufunza.

Kwa watoto, Radio Tanzania Dar es Salaam ilikuwa na vipindi vya shule pamoja na Mama na Mwana, kipindi kilichosimuliwa na Deborah Mwenda, ambacho kizazi kizima kinakikumbuka. Ngano ziliwafikia watoto wa nchi nzima kwa wakati mmoja. Yule wa Bagamoyo na yule wa Bukoba walisikia kisa kile kile, na kesho yake shuleni wakakisimulia upya, kila mmoja kwa kuongeza chumvi yake. Redio haikuweza kuwasikia watoto, ila simulizi zao za siku ya pili ndizo zilizokuwa jibu.

Katika miaka hiyo hiyo wilaya ya Bagamoyo ilipata mradi wa utafiti ulioitwa Jipemoyo, ulioanza mwaka 1975 kwa ushirikiano wa Tanzania na Finland. Jina lake lilichezea jina la mji, ambalo wengi hulifasiri kuwa ni bwaga moyo: wengine kwa maana ya kutua mzigo na kupumzika, wengine kwa maana ya kukata tamaa. Watafiti wa Jipemoyo waliishi vijijini, wakafuatilia ngoma, ufundi na mila, na wakashikilia kwamba wanakijiji ni washiriki wa utafiti na wana haki ya kujadili matokeo yake. Hilo nalo lilikuwa kurudisha “Pakawa”, safari hii katika elimu ya juu.

Jukwaa la Bagamoyo

Mwaka 1981 vikundi vya sanaa vya taifa vilikuwa vimevunjwa, na Chuo cha Sanaa kikaanzishwa Bagamoyo, mahali ambapo mwanafunzi mmoja aliweza kujifunza ngoma, maigizo, muziki, sarakasi na sanaa za ufundi chini ya kivuli kimoja. Hukwe Zawose, bingwa wa zeze na ilimba aliyetoka Ugogo, alihamia Bagamoyo na kuishi huko hadi alipofariki mwaka 2003. Tamasha la kila mwaka la chuo likawaleta wasanii kutoka mikoa mingi na nchi za nje, na watoto wa mji wakakua wakitazama, wakiiga nyuma ya jukwaa, na hatimaye wakipanda wenyewe. Mwaka 2007 chuo kikawa Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, kwa kifupi TaSUBa.

Ubora wa mafunzo hayo kwa elimu ya watoto ulikuwa katika kukataa kuzitenga sanaa. Ngano inaposhikwa na watu waliofunzwa namna hiyo, hupata ngoma yake, kinyago chake, mwimbaji wake na mchekeshaji wake, kila mmoja akiongeza neno lisilokuwapo kwa mwenzake. Hiki ndicho kile ambacho Jenkins alikuja kukieleza baada ya robo karne kwa mifano ya sinema na kompyuta.

Wakati huo huo wasomi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walikuwa wakiipeleka hoja hiyo mbali zaidi. Penina Muhando Mlama na Amandina Lihamba, wote waandishi wa tamthilia, walifanya kazi vijijini wakiwahimiza wananchi kuchunguza matatizo yao na kuyaigiza, kisha kuyajadili papo hapo. Msoga, kijiji kilichokuwa katika wilaya ya Bagamoyo, ni miongoni mwa mahali palipofanyika kazi hiyo. Baadaye wakaelekea kwa watoto, wakaanzisha mradi wa sanaa za maonyesho kwa watoto na matamasha yake, na mwaka 1996 ukaja mradi wa Tuseme kwa wasichana wa sekondari. Katika Tuseme wasichana hawakupewa mchezo wa kukariri. Waliulizwa kwanza ni nini kinachowazuia kusoma: kudhalilishwa, kazi za nyumbani, mimba, ukimya. Wakayachunguza, wakayatungia maigizo, ngoma na mashairi, wakayaonyesha mbele ya walimu na wazazi, na baada ya onyesho yakafuata majadiliano. Shirika la FAWE likaupeleka mfumo huo katika nchi nyingine za Afrika.

Jina la mradi lina uzito wake. Mtoto wa kike aliyefunzwa kwamba adabu ni kunyamaza aliambiwa kwamba ana neno la kusema, na kwamba sanaa ndiyo itakayolibeba. Wapo waliohofu kwamba kuwapa watoto jukwaa ni kuwafundisha utovu wa adabu. Lakini mila ya hadithi haikuwahi kumtaka mtoto anyamaze. Ilimtaka ajibu, kwa wakati wake na kwa namna yake. Wasichana wa Tuseme walikuwa karibu zaidi na “Paukwa” kuliko darasa lililotaka wakariri kimya.

Kioo cha televisheni na simu ya mkononi

Televisheni ilifika Zanzibar mwaka 1973, ikiwa ya rangi tangu mwanzo, lakini Tanzania Bara iliingoja hadi mwaka 1994. Kwa muda mrefu vipindi vya watoto vilikuwa vya kuagizwa kutoka nje, vyenye lugha ngeni, theluji na vyakula visivyojulikana Mrima. Mtoto alivutiwa na picha, akabaki mtazamaji.

Mabadiliko yalikuja katika muongo wa 2000. Zanzibar ilianzisha Tucheze Tujifunze, masomo ya redio kwa watoto wa maandalizi, kwa ushirikiano wa Wizara ya Elimu na shirika la EDC la Marekani. Mbinu yake, ambayo mwanzo wake ni Nikaragua katika miaka ya 1970, ni sahili: mtangazaji huuliza, kisha redio hunyamaza kwa nukta chache ili watoto wajibu, waimbe, waruke au waonyeshe kwa vidole, ndipo somo liendelee. Nukta hizo za ukimya zimepimwa na kuandikwa katika mswada wa kipindi, kama bibi anaponyamaza akingoja “Pakawa”. Kwa upande wa Bara, mwishoni mwa muongo huo kulikuja Kilimani Sesame, iliyowafikia watoto kwa televisheni, redio na vitabu, ikiwafundisha herufi, hesabu na kujikinga na malaria.

Mwaka 2013 ikaanzishwa Ubongo huko Dar es Salaam, na Januari 2014 katuni zake za Ubongo Kids zikaanza kuonyeshwa na TBC kwa Kiswahili. Kisa kimoja kilifundisha hesabu au sayansi, wimbo ukabeba kanuni yake, na maswali yakaulizwa ili mtoto ajibu kwa ujumbe mfupi wa simu ya kawaida, naye akapata majibu. Baadaye vikafuata vipindi vya redio, vitabu, na Akili and Me kwa watoto wadogo zaidi. Utafiti uliofanywa Morogoro na kuchapishwa mwaka 2018 uliona kwamba watoto waliotazama Akili and Me walipata maendeleo katika kuchora, kutambua maumbo, namba na kuhesabu kuliko wenzao waliotazama vipindi vingine. Shule zilipofungwa Machi 2020 kwa sababu ya Korona, redio na televisheni zilibaki kwa muda kuwa darasa pekee la watoto wengi, hadi shule za msingi zilipofunguliwa tena mwishoni mwa Juni.

Mafanikio hayo yasifiwe, na mipaka yake ijulikane. Simu ni ya baba, naye hurudi usiku. Televisheni huhitaji umeme, na si kila kijiji cha mwambao wa kaskazini, wala si kila nyumba katika kijiji chenye umeme, huweza kuumudu. Ujumbe mfupi una gharama. Mtoto asiye na vyombo hivyo hupata kipande cha hadithi na kukosa kilichosalia, ilhali katika baraza la bibi hakuna aliyekosa kiitikio kwa sababu ya umaskini. Tena, jibu la simu huchagua moja kati ya majibu yaliyopangwa. Haliwezi kugeuza kisa. Bibi alipoulizwa na mjukuu wake kwa nini papa alikuwa mjinga kiasi hicho, ilimbidi afikiri, na pengine usiku uliofuata kisa kilikuwa kirefu zaidi.

Kwa hiyo si sawa kuziweka katuni upande mmoja na bibi upande mwingine, kana kwamba lazima mmoja amwondoe mwenzake. Mwambao haujawahi kukataa chombo kipya. Uliupokea wino, ukauimba. Uliipokea Barzanji, ukaipigia dufu. Ulipewa kitabu cha ngonjera, ukakipandisha jukwaani. Linalotakiwa ni mwalimu anayejua kufuatisha kimoja na kingine: katuni itazamwe, kisha izimwe, watoto waigize walichokiona, wakitungie wimbo, wachonge au wachore wahusika wake, waulizane vitendawili juu yake, wakisimulie nyumbani kwa wasiokiona. Mji wenye TaSUBa, madrasa, kwaya na wazee waliozikumbuka ngano una utajiri wa kutosha wa walimu wa kazi hiyo. Lililopungua ni kuwaalika darasani na kuihesabu elimu yao kuwa elimu.

Ndani ya Kisa cha Punda wa Dobi, kima anapokuwa salama mtini na papa anapomsihi ashuke tena, humjibu kwa kumsimulia habari za punda. Punda aliponyoka mara ya kwanza kutoka makuchani mwa simba, akabembelezwa na sungura akarudi, na mara ya pili akauawa. Sungura akaula moyo na masikio, na simba alipoviulizia akaambiwa kwamba punda yule hakuwa navyo, kwani angalikuwa navyo asingalirudi. Masikio ya watoto wa leo yana vyombo vingi vya kuyajaza. Moyo hutiwa na yule anayeuliza, akanyamaza, akangoja jibu.